Uso wa Keren kwenye Gunia la Unga

Sakania, 3 Juni 2024

Papa Hénoc,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ni Virginie Chanda, nauza sabuni na biskuti karibu na mpaka, na barua hii umeletewa na Clément, yule wa lori anayekunywa chai kwako kila wiki. Ndiye aliyenieleza kwamba kwenye ukuta wa atelier yako ya kuchorea, barabara ya Luano, umetundika picha za watoto waliopotea, na kwamba habari za mtoto huzipokei kwa simu, unataka ziandikwe. Hilo limenifaa. Hapa kwetu simu ni ya nyumba nzima, na mama mkwe wangu, Mama Germaine, anasikia hata ninachowaza.

Binti yangu Keren alipotea sokoni, Alhamisi moja ya Februari 2018. Alikuwa na miaka saba. Nilikuwa nachagua samaki wakavu, nikageuka, hayupo. Tulimtafuta stesheni, tukamtafuta hadi ng'ambo, Zambia. Hakuna aliyemwona.

Sasa ukoo wa mume wangu umechoka kungoja. Kwao mtu asiyeonekana miaka mingi huzikwa bila mwili: wanakata mgomba, wanauvika nguo zake, wanauzika, wanalia, wanamaliza. Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kumtafuta, maana unamtafuta maiti. Siku imeshapangwa, Jumamosi tarehe 17 Agosti. Pierre, mume wangu, amekubali. Mimi sijakubali, lakini nani ameniuliza?

Nakuomba umchore Keren, umtundike kabla ya siku hiyo. Picha zake zote zilikuwa ndani ya simu iliyoibwa. Asubuhi ile nilikuwa nimemsuka upya, mistari midogo midogo kwenda nyuma. Alivaa gauni la manjano, soksi nyeupe, viatu vya kufunga, na begani kimfuko cha maua. Alikula mayai mawili. Ni mweusi kama mimi, mwembamba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka.

Fanya haraka, Papa. Situlii mahali pamoja. Hata sasa naandika nimesimama.

Virginie Chanda, Mama Keren


Lubumbashi, 12 Juni 2024

Mama Keren,

Barua yako imefika ikinuka sabuni, mke wangu ameniuliza ni mwanamke gani ananiandikia. Nimempa aisome. Amemaliza, akasema nianze leo leo.

Kwanza tuelewane. Mimi si nabii. Watu wanadhani nikimchora mtoto, kesho atagonga mlango. Nimechora kumi na mmoja kwa miaka minne, wamepatikana wawili, na mmoja wao alirudi mwenyewe kabla rangi haijakauka. Kazi inayonilisha ni picha za matanga: unaniletea picha ya marehemu, naikuza, naweka msalaba na tarehe zake mbili, kwisha. Marehemu habadiliki, kwa hiyo unaweza kumnakili. Mtoto aliyepotea anaendelea kukua huko aliko, kwa hiyo simnakili kamwe, hata nikipewa picha. Namjenga kwa maneno ya mzazi wake. Ndiyo maana nataka barua. Kwa simu watu wanalia tu, kwenye karatasi wanakumbuka.

Nachora kwenye magunia ya unga kama baba yangu, na baba yake alikuwa mtu wa reli aliyetoka Manono, mbishi kama mimi. Gunia lako nimeshalifua na kulitandaza. Sasa nijibu. Keren akikasirika anafanya nini na mdomo? Mikono yake inakaa wapi akiwa hana kazi? Anafanana na nani katika ukoo, usoni, si tabia? Aliogopa nini?

Tena nikuulize kidogo. Nina watoto watano, na siku ya soko sijawahi kuona mmoja akipewa mayai mawili. Na soksi nyeupe, Februari, kwenye matope? Wewe mama ni jasiri.

Hénoc Ngoie, fundi


Sakania, 24 Juni 2024

Papa Hénoc,

Soksi ni soksi. Wewe chora uso.

Akikasirika hafungi mdomo, anausukuma upande wa kushoto, utadhani anatafuna kitu. Mikono akiwa hana kazi anaificha kwapani. Usoni ni mimi mtupu, kila mtu alisema hivyo, hata Mama Germaine ambaye angependa kusema vingine. Juu ya jicho la kulia ana alama ndogo, alianguka kwenye ngazi ya kanisa.

Hakuogopa mbwa, hakuogopa radi. Aliogopa nyumba asizozijua. Wakati namfunga viatu aliniuliza, “Mama, na nikiamuka pale sijue mulango iko wapi?” Nikamwambia mlango hauhami, ukilala uko hapo, ukiamka uko hapo. Akacheka.

Mama Germaine ameshachagua mgomba. Uko nyuma ya jiko, mwembamba, na kila asubuhi anaumwagilia maji ili siku ikifika uwe mzuri. Nimepita hapo nikiwa na kisu mkononi, nikarudi. Ungekatwa huu, angechagua mwingine. Pierre ameandika kutoka machimboni anakofanya kazi kwamba amepewa ruhusa ya siku tatu. Anasema, tumpumzishe mtoto. Nani amemwambia mtoto amechoka?

Bado siku hamsini na nne. Nijulishe umefika wapi.

Virginie


Lubumbashi, 2 Julai 2024

Mama Keren,

Nimefika mahali ambapo sitaki kuendelea.

Nilimchora kama ulivyoniandikia, neno kwa neno. Nywele mpya, gauni, soksi, viatu, kimfuko. Nikarudi nyuma hatua tatu kumtazama, kama ninavyofanya siku zote. Mama, aliyesimama kwenye gunia langu si mtoto wa sokoni. Ni mtoto anayesafiri.

Nikaichukua tena barua yako ya pili. “Nikiamuka pale.” Pale wapi? Mtu hulala sokoni? Ulikuwa unamfunga viatu akakuuliza mlango wa nyumba asiyoijua, nawe ukamjibu. Anayepotea hatayarishwi. Hapewi mayai mawili.

Mimi si polisi, wala si padri. Nisingekuuliza chochote kama ingekuwa picha ya matanga, marehemu hadhuriki na uongo. Lakini hii nikiandika chini yake “alipotea sokoni Sakania”, mtu anayeishi naye mji mwingine ataisoma, atasema masikini mtoto wa watu, atapita. Miaka sita mnatafuta mahali ambapo labda hakupotelea! Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kina tarehe, kinamwagiliwa maji nyuma ya jiko lako.

Nimelikunja gunia. Nitalikunjua siku utakayoniandikia kweli.

Hénoc Ngoie


Lubumbashi, 20 Julai 2024

Mama Keren,

Clément amerudi mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema ulikuwa na wateja. Mara ya pili alisema ulimwona akishuka, ukafunga meza ukaondoka.

Nilikuandikia kwa ukali. Mke wangu amenisuta wiki nzima, anasema mtu akikuonyesha kidonda hummwagii pilipili. Ana haki. Lakini mimi pia situlii. Ninachora marehemu mmoja, bwana mnene wa mtaa wa Kamalondo, na mdomo wake umenitokea umesukumwa kushoto. Familia imekataa kuichukua picha.

Gunia nimelikunjua. Siwezi kufanya kazi nikijua mtoto yuko humo gizani amekunjwa. Andika, hata mstari mmoja, hata matusi.

Hénoc


Sakania, 26 Julai 2024

Papa Hénoc,

Hakupotea. Nilimtoa.

Naandika haraka, nikikatiza nitaichana. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Lydie, alikuwa akija kununua sabuni kwangu. Mjane, hana mtoto, sauti ya upole. Alisema anakaa Lubumbashi, karibu na Luano, shule iko mlangoni, masista wanafundisha Kifaransa vizuri. Mwaka ule shule ya hapa walimu hawakuingia darasani miezi mitatu. Nikaona Keren atakuja kuuza biskuti kama mimi. Nikamtayarisha. Nikamwambia, “Usilie, nitakuja kukuona Jumamosi.” Siku mbili tu, Papa. Alhamisi hadi Jumamosi.

Pierre alikuwa amekataza. Yeye alilelewa kwenye nyumba za watu, alipigwa, alikula masalio, na aliapa hakuna mtoto wake atakayetolewa. Nilifikiri akirudi Pasaka atamkuta mtoto anaongea Kifaransa na atanisamehe. Akaja Ijumaa ile ile, bila kutoa habari, Mama Germaine naye akiwa bado safarini. Begi bado mkononi, akauliza, “Keren iko wapi?” Na mdomo wangu ukasema, “Alipotea sokoni jana.” Sijui ulitoa wapi. Kufika jioni wanaume wa reli wote walikuwa njiani wanamwita. Jumamosi uwanja ulijaa watu wananililia. Ningeondokaje?

Nikajiambia, wakitulia nitakwenda kumchukua, nitasema nimempata. Wiki ya tatu simu ya Lydie ikazimika. Nimekuja Luano mara mbili, nikidanganya kwamba nafuata bidhaa. Nimeuliza nyumba kwa nyumba, hakuna aliyemjua Lydie. Basi nikaanza kumlilia kama wengine, na kilio kilikuwa cha kweli.

Nakutumia kitu kimoja. Ni picha yangu ya komunyo ya kwanza. Nilichelewa katekesi, nilikuwa na miaka kumi na mitatu, umri wake wa sasa. Ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda chake. Tazama uso tu, kisha uirudishe, sina nyingine.

Pierre hajui. Nikisema, nitampoteza yeye na nyumba. Nisiposema, watamzika mwanangu mbele ya macho yangu nami nitaitikia nyimbo. Naogopa, Papa Hénoc.

Virginie


Lubumbashi, 5 Agosti 2024

Mama Keren,

Nilianza upya, gunia jipya. Jana nimelitundika peke yake kwenye ukuta unaotazama barabara, lile la kwanza, la mtoto anayesafiri, nimelitundika ndani. Chini nimeandika: KEREN, MIAKA 13. ALITOKA SAKANIA 2018 NA MAMA LYDIE, AKALETWA UPANDE WA LUANO. MAMA YAKE ANAMTAFUTA. Kila gari linaloenda uwanja wa ndege linapita mbele yake.

Nami nina la kuungama. Nimenakili. Kitu ninachojivunia kwamba sikifanyi, nimekifanya. Siku zilikuwa chache, na picha yako ilinishika mkono. Nilikusudia kuchukua uso tu. Nikachukua namna ulivyoinamisha shingo, nikachukua na kile kitambaa cheupe cha kichwani, hata mshumaa, ile bougie ya mkononi, nilikuwa nimeuchora nikaufuta kwa kitambaa chenye mafuta. Alama ya juu ya jicho nilikumbuka rangi imeshakauka, nikaacha. Kwa kweli Keren hayumo. Umo wewe, na jina lake. Mke wangu anasema inatosha. Mimi naipita kila asubuhi bila kuitazama.

Sasa zamu yako. Clément ameisoma, na Clément ana mdomo kama redio. Hadithi hii itafika Sakania kwa lori. Afadhali itoke kwako kabla. Usingoje shimo lifukiwe.

Picha yako nairudisha pamoja na barua hii. Haina hata doa.

Hénoc


Sakania, 19 Agosti 2024

Papa Hénoc,

Nilingoja. Utanisema, lakini nilingoja mpaka Jumamosi yenyewe. Kila siku nilijiambia leo, na kila siku Mama Germaine alikuwa na jambo la kunituma.

Waliukata mgomba asubuhi. Waliuvika gauni lake la buluu lililobaki. Ulipolala pale kwenye mkeka, Papa, ulikuwa na urefu wake kabisa. Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, dogo. Katekista alifungua kitabu. Pierre aliuinua mwenyewe, akaubeba kama mtu anavyombeba mtoto aliyesinzia, na hapo nikashindwa. Nikasema, “Pierre, weka chini. Keren haikufwa. Miye nilimutuma na muntu ku Lubumbashi.”

Hakuna aliyenielewa. Nikarudia. Nikasema yote, Lydie, Jumamosi, simu, mbele ya wale wote walioacha kazi zao kuja kulia. Mama Germaine aliketi chini kwenye udongo. Akasema, “Miaka sita, Virginie! Miaka sita nalia muntu mwenye iko muzima, na weye unanipanguza machozi?”

Pierre hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliuliza tu, “Ile siku nilifika na begi, ulikuwa unajua fasi iko?” Nikasema ndiyo, nilijua alipo. Akaulaza mgomba ukutani, akauvua gauni, akalikunja vizuri, akaliweka kifuani ndani ya shati. Kisha akachukua jembe akafukia shimo tupu, peke yake, hakukubali mtu amsaidie. Jana amerudi machimboni bila kuniaga.

Mimi niko kwa kaka yangu, upande wa stesheni. Sina hasira na mtu. Nina aibu, na chini ya aibu kuna wepesi fulani ambao unanitia aibu zaidi. Lori likiunguruma nasimama. Niambie kuna habari. Na kama hakuna, niambie pia.

Virginie


Lubumbashi, 27 Agosti 2024

Mama Keren,

Kaa chini kwanza. Najua hutakaa.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa nachanganya rangi. Msichana mmoja mwenye beseni la mikate kichwani akasimama upande wa pili wa barabara. Akavuka. Akasimama mbele ya picha. Wengi husimama, sikumjali. Kisha akaingia ndani bila hodi, beseni bado kichwani, akaniambia kwa sauti ya ugomvi:

“Papa, uyu haiko miye.”

Nikamuuliza nani amesema ni yeye.

“Mumeandika jina yangu. Lakini uyu ni mama yangu. Iyi photo ilikuwa pa juu ya kitanda yangu, na bougie mu mukono. Bougie iko wapi? Juu ya nini munaweka mama yangu mu barabara?”

Nikatazama juu ya jicho la kulia. Alama ipo. Nikatazama mdomo, umekwenda kushoto wote. Mama, mimi mtu mzima nililia na brashi mkononi, na yeye akawa ananitazama kama mwendawazimu.

Nimemweka chini, nimempa chai. Lydie aliugua akafa kabla ya Pasaka ile ile. Mpangaji wa jirani alimchukua, baadaye wakahama, ndiyo maana hukumpata. Si nyumba ya ukatili, nimekwenda kuiona. Asubuhi anauza mikate, mchana anasoma, na Kifaransa chake kinanishinda mimi. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mtu ampeleke Sakania, njia ya stesheni si anaijua? Akanijibu, “Mama alisema atakuja Samedi. Ningetoka, angenikuta wapi?” Kisha akasema ilifika siku akaacha kuhesabu Jumamosi, akawaambia watu kwamba hana mama.

Nilimpa barua zako zote. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Alizisoma hapa hapa, amesimama. Ile ya Julai aliisoma mara mbili. Nilimuuliza kama nikuite, akasema hapana, ataandika mwenyewe. Nimeiweka ndani ya hii, sijaifungua. Mwenyewe alinitazama nikiibandika gundi.

Picha bado iko ukutani. Sikuishusha, amenikataza.

Hénoc


Luano, 26 Agosti 2024

Mama,

Fundi amenipa kalamu na ananiangalia, kwa hiyo naandika vizuri.

Nimesoma ulichofanya. Nina hasira sana na siwezi kusema imeisha, maana ndiyo kwanza imepata mtu wa kumkasirikia. Miaka yote nilifikiri ulinisahau. Sasa najua ulinikumbuka na ulinyamaza. Sijui kipi ni kibaya zaidi, nitakuambia nikijua.

Mwambie Papa sikupigwa. Mwambie nakula vizuri. Gauni la buluu halinitoshi tena, lakini asilitupe.

Mlango wa ile nyumba nilipoamka ulikuwa upande wa dirisha. Niliutafuta ukutani kwa mikono mpaka kukapambazuka. Ulisema mlango hauhami.

Mimi sitakuja Sakania kwanza. Wewe ndiye uliyesema utakuja. Nitasimama kwenye ukuta wa fundi, mbele ya picha yako, kuanzia asubuhi, na siku hiyo sitauza mikate. Uso wako wa sasa siujui, ninaoujua ni wa msichana wa umri wangu, kwa hiyo vaa kitu cha manjano nikuone kutoka mbali.

Njoo Jumamosi.

Keren